Mandhari Haina Hati

Kinole haioni bahari. Asubuhi, ukungu ukishainuka, jicho la aliyesimama mlangoni pake linateremka juu ya migomba na michungwa, linavuka mashamba ya minanasi na vilima vidogo vya chini, na kuishia kwenye tambarare inayokwenda mashariki mpaka rangi yake inafanana na ya mbingu. Bahari ya Hindi iko huko mbele, mbali mno. Kinachofika Kinole ni upepo wake. Unakuja na unyevu wake wote, unagonga ubavu huu wa mashariki wa Milima ya Uluguru kabla ya kwingine, na kuuachia mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo mvua inayostawisha karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki za huku.

Upande wa pili wa mlima uko mji wa Morogoro, ambao Watanzania wameubatiza Mji Kasoro Bahari. Ni sifa iliyochanganyika na kijembe: kila kizuri kipo, ila hicho kimoja. Madalali wa viwanja wameshaujua utamu wa jina hilo. Kiwanja cha mlimani hawakiuzi kwa rutuba wala kwa ukaribu wa maji. Wanakiuza kwa kile unachokiona ukikaa barazani. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari iliyokuwa ikila nusu siku ya foleni na mizani imekuwa ya chini ya saa mbili, na mtu mwenye akiba ya kiinua mgongo anaweza kabisa kufikiria nyumba ya mwisho wa wiki yenye ubaridi na ukungu.

Tuseme yupo mstaafu wa namna hiyo. Kule Dar alijenga Mbezi Beach, safu ya pili kutoka ufukweni, na kwa miaka mingi aliiona bahari kutoka ghorofa ya juu. Kisha kiwanja cha mbele kikauzwa, mashine zikaingia, na ghorofa nne zikasimama mbele ya dirisha lake. Leo anaona viyoyozi vya jirani na nguo zake kwenye kamba. Ameapa kwamba Kinole hayatampata hayo tena. Amepata eneo kwenye mteremko na chini yake pana shamba la mtu. Anataka kujua jambo moja kabla ya kutoa pesa: je, mwenye shamba la chini anaweza kumzibia?

Jibu la sheria lina umri mkubwa kuliko nchi yetu. Mwaka 1610, huko Norfolk nchini Uingereza, William Aldred alimshtaki jirani yake Thomas Benton, aliyejenga banda la nguruwe ubavuni mwa nyumba yake. Harufu ilikuwa haivumiliki, na Aldred alishinda. Lakini katika kueleza kwa nini harufu ni kosa, majaji waliyapanga mambo kwa madaraja. Hewa safi na mwanga ni mahitaji ya binadamu, na anayeyaziba hujibu mahakamani. Mandhari ni burudani ya macho tu, na burudani haina kesi. Maneno hayo machache, yaliyozaliwa na banda la nguruwe, yamesafiri na meli za dola ya Kiingereza hadi makoloni yote, na hadi leo mwanasheria wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam akiulizwa kuhusu mandhari iliyozibwa huanza kwa kushusha pumzi.

Wala si Waingereza peke yao. Dola ya Uthmaniya ilipokusanya sheria zake za kiraia katika Mejelle, kati ya 1869 na 1876, iliweka karibu mstari uleule: kumzibia jirani mwanga wote ni madhara makubwa, kumkatia upepo au mandhari si madhara ya kushtaki. Waislamu na Wakristo, mashariki na magharibi, wamekubaliana katika hili bila kuitana mkutano. Kilichowasumbua watu wa Mejelle zaidi kilikuwa dirisha linalochungulia mahali pa faragha ya jirani, hasa wanapokaa wanawake. Yeyote aliyetembea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu ameiona hofu hiyohiyo ikiwa imejengwa kwa mawe: kuta kavu kuelekea njiani, milango isiyotazamana, maisha yote yamegeuzwa kuelekea uani.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu iliyoonyesha jinsi mstari huo ulivyo hai. Jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilikuwa na roshani ambayo wageni kwa maelfu walisimama kutazama mji, na bila shaka kutazama pia ndani ya nyumba za jirani zenye kuta za vioo. Wenye nyumba walishinda. Mahakama ilisema kumulikwa namna hiyo kutwa nzima ni kero ambayo sheria inaijua. Waswahili husema macho hayana pazia. Kumbe kwa jaji yanaweza kuwa nalo: anayetazamwa anaweza kulindwa, anayetaka kutazama hapewi kitu. Wenye nyumba walewale, lau jumba lingepandisha ukuta mrefu na kuwafichia mji mzima, wasingekuwa na pa kushika.

Hapa kwetu mambo yana mpangilio wake. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Mtu anamiliki haki ya kuitumia, yenye masharti. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ndizo zinazotawala, na Sheria ya Ardhi inaelekeza mahali pa kutafuta majibu pale yenyewe inapokaa kimya: kwanza sheria za kimila za Tanzania, kisha kanuni za Kiingereza kama zinavyotumika katika nchi za Jumuiya ya Madola. Huo mpangilio ni muhimu kwa mstaafu wetu, ingawa mwenyewe huenda hajaufikiria. Kinole, mila ya Waluguru inasimama foleni mbele ya Aldred na nguruwe.

Sheria hiyohiyo imeacha mlango mmoja wazi. Inaruhusu ardhi moja kupata haki juu ya ardhi nyingine kwa makubaliano ya wenyewe, na haki hiyo haiishii kwenye kupita au kupitisha maji. Inaweza pia kuwa haki ya kwamba jambo fulani lisifanyike kwa jirani. Kwa lugha ya barazani: naweza kumlipa mwenye kiwanja cha chini ili asijenge kupita kimo fulani, tukaandika, tukasajili, na ahadi ile ikaifuata ardhi hata akiiuza kwa mwingine. Bila maandishi hayo, tabasamu la jirani na mkono aliokupa siku ya kukaribishwa havina nguvu mbele ya mtoto wake atakayerithi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mandhari hupotea haraka zaidi kwa sababu haikuwahi kuwa mali.

Yako mambo mawili ambayo mjini humsaidia mtu hata asipokuwa na mkataba. La kwanza ni masharti ya mpango mji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kama eneo limepangwa kwa nyumba za chini na jirani anaomba kubadilisha matumizi ili apandishe ghorofa, ombi lake hutangazwa na majirani wana nafasi ya kupinga. Wengi huliona tangazo, wakalipita kama wanavyolipita la mganga, kisha wakaja juu zege likishamwagwa. La pili ni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Haikutungwa kwa ajili ya macho ya mtu, lakini kwa safu ya kwanza ya ufukweni imekuwa kinga ya mandhari kwa bahati tu.

Nchi nyingine zimekubali waziwazi kwamba mandhari fulani ni za wote. Kutoka kilima cha King Henry's Mound katika bustani ya Richmond, kusini-magharibi mwa London, kuna pengo lililochongwa kwenye miti ambalo mtu akichungulia huliona kuba la kanisa la St Paul's, karibu kilomita 16 kutoka hapo. Pengo hilo linalindwa na mipango ya jiji. Hata hivyo mwishoni mwa 2016 watu walichungulia wakakuta mnara wa nyumba za kupanga umechomoza nyuma ya kuba, huko Stratford. Mji wa Vancouver, Kanada, ulipitisha mwaka 1989 njia maalumu za macho kuelekea milima yake ya kaskazini, na majengo hayaruhusiwi kuzikata. Mwaka 2024 ukazilegeza baadhi kwa sababu watu hawana pa kuishi. Nawaelewa. Mandhari inayolindwa kwa kumnyima mtu nyumba lazima ijieleze.

Unguja mjadala huo umekaribia kuwa vita. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukiwa tayari na mamlaka yake ya hifadhi iliyoanzishwa 1985. Pale Shangani, ukingoni mwa maji, lipo jumba la Mambo Msiige la katikati ya karne ya 19, lililowahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza. Lilipogeuzwa kuwa hoteli iliyofunguliwa 2015, jengo jipya lilisimamishwa kando yake, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaeleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa ujenzi huo kwenye uso wa mji unaoelekea bahari. Hoteli ipo na inafanya kazi. Katika ugomvi wa namna hii, anayekaa chumba cha mbele akilipa kwa dola ndiye anayeipata bahari, na aliyezoea kupunga upepo hapo jioni bila kulipa huhesabiwa mwisho, au hahesabiwi.

Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi, na zamani zaidi. Serikali za Kijerumani na Kiingereza ziliugawa mji kwa rangi za watu. Uzunguni kulipewa upande wa bahari, wenye bustani, nafasi na upepo. Uhindini kukawa katikati, kwenye maduka. Waafrika wakapangiwa Kariakoo, nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati yao na wengine. Kuiona bahari kutoka dirishani kuligawiwa kama mgawo, na kanuni za ujenzi ndizo zilizoulinda mgawo huo. Mtu wa Oysterbay anayelia leo kwamba ghorofa mpya zinaharibu tabia ya mtaa ana hoja, ila ajue tabia hiyo ilitengenezwa namna gani.

Turudi mlimani, maana huku mambo yanageuka.

Kwanza ni mteremko wenyewe. Kinole nyumba zinapandana: paa la mabati la huyu liko chini ya miguu ya yule. Jirani wa chini hata akijenga nyumba ya kawaida, mstaafu wetu ataona juu ya paa lake, na usumbufu pekee utakuwa mng'ao wa mabati mapya saa tisa alasiri. Hofu ya ghorofa aliyoibeba kutoka Mbezi Beach haina kazi hapa. Kuna hofu nyingine ambayo ingemfaa zaidi, nayo ni jembe la jirani. Mtu anayetaka kiwanja tambarare kwenye mlima hukata ukuta wa udongo, na ukuta huo mara nyingi ndio mguu wa kiwanja cha juu. Mvua za masika zikija, kilichokatwa hushuka, na nyumba ya juu huifuata. Hapo sheria iko nawe. Kanuni ya Kiingereza inayokunyima haki ya mandhari inakupa, bila hata mkataba, haki ya ardhi yako kushikiliwa na ardhi ya jirani katika hali yake ya asili. Nimeshangazwa na idadi ya wanunuzi wanaouliza watakachokiona na wasiulize watakachosimama juu yake.

Pili, kinachoziba macho Kinole ni mti. Shamba la chini leo lina maharage na magimbi. Mwakani mwenye shamba atapanda mikarafuu, miparachichi na mifenesi, na baada ya miaka michache baraza la mstaafu litatazama ukuta wa majani. Hakuna kibali cha ujenzi cha kupinga wala ofisa wa mipango miji wa kumwendea. Ni mkulima anayelima.

Na mti Uluguru si mmea tu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, lukolo, na kwa mila ardhi ilikuwa ya lukolo, ikisimamiwa na mkuu wake. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa shamba, akatoa ngoto, malipo madogo ya kila mwaka ya kukiri kwamba ardhi ina mwenyewe. Alilima mahindi, maharage na mihogo. Miti ya kudumu ilikuwa habari nyingine. Mti ni wa aliyeupanda, unaishi miaka mingi, na aliyepanda miti ameanza kudai mahali. Ndiyo maana mtoaji wa ngoto alikatazwa kuipanda bila ruhusa, na ndiyo maana kesi nyingi za mashamba milimani humu huanza na swali la nani alipanda mwembe ule. Kumwambia Mluguru asipande mti kwenye shamba la mama yake, kwa sababu mgeni anapenda kutazama tambarare, ni kumweka katika nafasi ya mpangaji juu ya ardhi yake mwenyewe. Sidhani kama dalali hulieleza hilo.

Kinole si mahali pa kudharau mambo hayo. Hapa ndipo makao ya Kingalu, cheo cha machifu waliosifika kwa mvua, na watu walitoka mbali kuja kuiombea. Soko kuu la mjini Morogoro linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Mtu anayenunua eneo hapa anaingia mahali penye wenyewe na kumbukumbu ndefu.

Kumbukumbu moja inahusu moja kwa moja watu wa nje na macho yao. Wageni wameutazama mlima huu kwa kuupenda tangu misafara ya karne ya 19, ilipopita chini yake kwenye ngome ya chifu Kisabengo, na msafiri Stanley, aliyepita 1871, aliusifu. Wajerumani walijenga nyumba ya Morningside juu ya mji, palipo na baridi na mandhari, na mpaka leo vijana wa Morogoro hupanda kwenda kuitazama. Waingereza nao walitazama kutoka chini wakaona kitu kingine: miteremko iliyolimwa hadi juu, udongo ukishuka na mito. Wakaanzisha mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru, na kila mtu akalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kwa aliyesimama barabarani matuta yalipendeza, mlima ulionekana kama kazi ya mwenye adabu. Kwa mwenye jembe, udongo wa Uluguru ni mwembamba, na tuta lililochimbwa kwa amri lilileta juu tabaka lisilozaa. Mazao yakapungua na faini zikaongezeka. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukakufa pia. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja, hakikuhitaji kuhubiri sana milimani humu baada ya hapo.

Naileta historia hiyo kwa sababu ina mwendelezo unaochekesha kidogo. Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalirudi na wazo la udongo na maji katika kata ya Kibungo Juu, wilaya hiihii ya Morogoro. Maji ya Ruvu yanayotoka milimani humu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam, na yakishuka na tope, gharama ya kuyasafisha inapanda. Safari hii hakuna aliyelazimishwa. Wanunuzi wa maji wa bondeni, yaani DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza, walichangia fedha, na mkulima aliyekubali kubadilisha kilimo chake alilipwa kulingana na eneo alilobadilisha. Wakulima walipanda miti, wakaacha nyasi ukingoni mwa mashamba, na wakachimba matuta. Ndiyo, matuta. Wajukuu wa waliogoma walichimba kwa hiari kitu ambacho babu zao walikikataa kwa damu, kwa sababu mara hii kulikuwa na mazungumzo, chaguo na malipo. Mradi ulikuwa na kasoro zake, na malipo hayakuwa makubwa, lakini ulithibitisha kwamba mlima unaweza kuuza kwa tambarare kitu kisichobebeka kwenye gunia.

Mstaafu wetu yuko katika nafasi ya mnunuzi wa maji. Anataka mkulima wa chini asifanye jambo ambalo mkulima ana haki kamili ya kulifanya. Basi amlipe. Njia ipo, na haianzii kwa wakili wa mjini.

Ardhi ya Kinole ni ya kijiji. Ili mgeni aipate kihalali, halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe, na haki inayotolewa ni hakimiliki ya kimila, yenye hati na daftari lake katika masjala ya ardhi ya kijiji. Kabla ya yote mnunuzi afungue mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kama upo, aone eneo la chini limetengwa kwa nini. Likiwa limetengwa kwa makazi, ajue nyumba zitakuja. Likiwa la kilimo, ajue miti itakuja. Likiwa chanzo cha maji au ukingo wa mto, ana bahati, maana hapo haparuhusiwi ujenzi, na miti itakayoota itaota kwa sababu nzuri kuliko zake. Juu zaidi mlimani kuna mpaka wa hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru, iliyotangazwa 2008, nyumbani kwa ndege asiyepatikana popote pengine duniani, yule kipwe wa Uluguru mwenye tumbo la njano. Huko hakuna wa kujenga kabisa.

Kisha azungumze na mwenye shamba, na asizungumze na mwanamume aliyemkuta shambani peke yake. Hapa wageni wengi hukosea. Katika ukoo unaofuata mama, anayelima anaweza kuwa mume aliyeolea, au mjomba anayeangalia tu, na mwenye neno akawa dada aliyeko Mkuyuni au Gongo la Mboto. Makubaliano yasiyo na sahihi ya wenye lukolo ni karatasi. Wakae pamoja mbele ya mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, waandike kwa Kiswahili kila mmoja akielewe: ni kipande gani cha shamba, kutoka jiwe gani hadi mti gani, ni mimea ya kimo gani inayoruhusiwa, maana minanasi, iliki na tangawizi hazijawahi kumzibia mtu, ni kiasi gani kitalipwa, lini, kwa miaka mingapi. Wapime kimo kwa kitu kilichopo, kwa mfano msingi wa baraza la juu, wasiandike tu kwamba mandhari isizibwe, kwa sababu neno hilo litakuja kuwanufaisha mawakili.

Ugomvi ukitokea, mlango wa kwanza ni baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu na haliamui tena. Uamuzi hutolewa kuanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Ni safari ndefu kwa ajili ya mfenesi.

Mimi ningeongeza jambo ambalo sheria hailidai. Bei iwe ya haki, na kipimo cha haki kipo sokoni. Mkarafuu ukikomaa huzaa kwa miongo mingi, na mkulima anayeahidi kutoupanda anaacha mapato ya mtoto wake, si ya msimu mmoja. Pesa ya soda anayopewa mzee wa watu kwenye kikao cha kwanza hailingani na hasara hiyo. Kama mstaafu akipiga hesabu akaona ni ghali, hesabu imemwambia ukweli: mwenye shamba anakihitaji kile kipande kuliko yeye anavyokihitaji. Anaweza kununua juu zaidi, au kugeuza baraza kuelekea kilele, au kuukubali mfenesi na kula mafenesi atakayoletewa, na hilo la mwisho Kinole halina ubaya.

Kama wakikubaliana, muda wa miaka mitano unatosha kuanzia, wenye kipengele cha kukaa tena. Bei ya karafuu haitulii. Ikishuka, mwenye shamba atafurahia malipo ya baraza. Ikipanda, ataingia kikao cha pili akiwa na miche tayari kwenye viriba, imepangwa kivulini nyuma ya nyumba, na mstaafu atalazimika kuongeza.